Safari ndefu, miji midogo: tulale wapi njiani?

Likizo inakaribia na barua za safari zimejaa. Nyingi zinauliza kitu kilekile kwa njia tofauti, kwamba tukishatoka nyumbani na gari letu tusimame wapi, tulale wapi, na kwa nini hapo na siyo pale. Nimechagua chache nizijibu kwa kirefu, zingine kwa kifupi.

Dada, shikamoo. Tunaishi Kigamboni, Desemba hii tunaenda Kyela kwa wakwe zangu na Noah yetu, tuna watoto wawili (miaka 4 na 9) na mama yangu mzazi ambaye miguu inamvimba akikaa sana. Mume anataka tutoke saa tisa usiku tufike Kyela usiku huohuo, mimi nataka tulale Mafinga maana nasikia gesti ni nyingi na bei poa. Yeye anasema kulala njiani ni kupoteza hela. Dereva ni yeye peke yake. Nani yuko sahihi?
*Mama wa wawili, Kigamboni*

Marahaba mdogo wangu. Kwenye kulala uko sahihi wewe kabisa, ila Mafinga kwa siku ya kwanza na familia hiyo mimi ningeiacha, ngoja nikueleze kwa nini.

Dar mpaka Kyela ni zaidi ya kilomita 900. Watu wengi wanapiga hesabu kwa spidi wanayoiona kwenye dashibodi, 80 au 100, halafu wanajiambia ndani ya saa kumi tumefika. Barabara yetu hairuhusu hiyo hesabu. Kila kijiji kuna kibao cha 50 na trafiki mwenye tochi ya kupima spidi amekaa chini ya mwembe, Mikese kuna foleni ya malori ya mizani, Mikumi unapita hifadhini kama kilomita 50 na huko huendi mbio, mlima Kitonga unapanda nyuma ya semi, lile lori refu, linalotembea kama mtu wa miguu. Mimi nikipanga safari ya njia hii nachukua kilomita zote nagawa kwa 50 halafu naongeza saa mbili za kula, kukojoa na kunyoosha miguu. Kwa kilomita 900 hiyo ni saa 18 za kuendesha tu, kabla hujaongeza kitu. Mume akitoka saa tisa usiku atakuwa anashuka Tukuyu kwenye kona na mvua ya Desemba saa nne tano usiku, hajalala tangu jana yake, na mama na watoto nyuma. Hela ya gesti hapo ni ndogo mno, mwambie dada kasema.

Sasa kwa nini siyo Mafinga. Kutoka Dar Mafinga ni kama kilomita 580, ukigawa ni karibu saa 12 ukiongeza vituo inafika 14. Hata mkitoka saa kumi na moja alfajiri mtaingia saa moja usiku, giza limeshaingia, watoto wamechoka wanalia, na mji mdogo ukiufikia usiku huna nafasi ya kuchagua, unachukua chumba cha kwanza chenye taa. Mimi nina kanuni moja ambayo siivunji, saa kumi jioni popote nilipo ndiyo saa ya kuamua nalala wapi, na saa kumi na mbili gari liwe limeshazimwa. Ukiamua saa kumi bado una mwanga wa kutosha kuangalia gesti mbili tatu, ukiona hazieleweki unasogea mji unaofuata bila presha.

Kwa hiyo mtoke saa kumi na moja alfajiri. Chai mnywe Morogoro au mbele kidogo, Mikumi mpite mchana (watoto wapeni dirisha, twiga, tembo, nyati na swala wanaonekana kutoka barabarani bila kulipa kiingilio, ila msiwarushie nyani chakula na msisimame kushuka). Mchana mle Ruaha Mbuyuni. Pale patamu kwa kula na kununua vitunguu, mibuyu kila upande, ila siyo pa kulala na mama mwenye miguu inayovimba maana ni bondeni, joto kali, na malori yanapita usiku kucha. Mama ashuke pale atembee dakika kumi na tano kabla ya kupanda Kitonga. Kwenye Kitonga mume asiovateki hata akichokozwa na wa nyuma, abaki nyuma ya semi mpaka juu. Mkishatoka juu hewa inabadilika mnaiona wenyewe, kabaridi kanaanza, na muda si mrefu mko Ilula, mji wa nyanya, matenga yamepangwa barabarani.

Ilula au mbele yake Ipogolo, hapo ndipo ningelala. Ipogolo ni pale chini barabara kuu inapopita, Iringa yenyewe iko juu kilimani na kupanda inabidi utoke kwenye njia. Wengi hawajui hilo, wanapanda mpaka mjini jioni wamechoka, wanahangaika kutafuta paking, asubuhi wanashuka tena. Kama huna shughuli mjini usipande. Lala chini, ila chukua gesti iliyoingia ndani kidogo, mita mia mbili tatu kutoka lami, usisikie breki za malori.

Siku ya pili mtakuwa mmebakiza kama kilomita 450. Msikurupuke alfajiri, maana kuanzia Mafinga mpaka Makambako ukungu wa asubuhi ni wa kawaida na malori yanaegeshwa pembeni hayaonekani mpaka umeyafikia. Kunyweni chai, ondokeni saa moja na nusu jua limeshatoka. Uyole mnakata kushoto, Tukuyu mnapita mchana mnaona chai na migomba, Kyela mnaingia jioni na sura za watu. Na sweta za watoto zisiwe chini kabisa ya begi, Dar mtatoka na joto mtazihitaji kabla ya giza.

Kaka au dada (sijui wewe ni nani), nina gari dogo na naendesha mwenyewe kutoka Dar kwenda Mwanza, ni mwanamke, miaka 34. Nimeshauriwa nilale Singida. Nilichotaka kujua hasa ni jinsi ya kujua gesti ni salama ukifika mji usioujua, maana picha za mtandaoni siziamini tena.
*Msukuma wa Sinza*

Ni dada. Na hongera, njia hiyo ni ndefu, kama kilomita 1,150, lakini lami ni nzuri.

Singida kwa siku moja kutoka Dar ni mbali kwa mtu mmoja, ni karibu kilomita 700. Mimi ningegawa hivi, siku ya kwanza Dodoma, ya pili Nzega, ya tatu unaingia Mwanza mchana umeoga. Kama hupendi hekaheka ya Dodoma lala Kibaigwa, kabla hujafika Dodoma, ule mji una soko kubwa la mahindi kwa hiyo wafanyabiashara wanalala pale kila siku na vyumba havikosekani, ila ni mji wa malori na kelele, uchague vizuri. Singida ipite saa ya chakula. Kuku wa kienyeji wa Singida wanasifiwa nchi nzima na sifa hiyo ni ya haki, agiza wa kuchoma, subiri, pumzika hiyo saa nzima, nunua na mafuta ya alizeti. Nzega napapenda kwa sababu ni njia panda, barabara ya Tabora inaingilia hapo, mji umezoea wageni, hakuna anayekushangaa mwanamke peke yako unauliza chumba.

Sasa usalama. Ukifika mji usiulize gesti kwa kijana wa sheli wala kwa boda wa kwanza, wengi wao wanapewa chochote na gesti fulani wakileta mgeni. Simama duka la dawa. Nunua panadol au maji, muulize dada anayeuza, "dada, mama yako akija kukutembelea na kwako hakuna nafasi ungemlaza wapi?" Anaujua mji, anajua wapi kuna baa inapiga mziki mpaka saa nane, wapi kuliibiwa mwezi uliopita, na hana cha kupata kwa kukudanganya. Njia hii inanisaidia sana na nimewapa wengi.

Ukifika gesti yenyewe usitoe begi kwenye gari. Omba kuona chumba kwanza, na usione tu, ingia. Funga mlango kwa ndani uone kama komeo inashika, vuta dirisha, fungua bomba uone maji yanatoka sa hivi na siyo "yatatoka baadaye", shika godoro, angalia chandarua kama kina matundu, nusa shuka. Toka nje uangalie gari litalala wapi, unataka ndani ya ukuta na geti linalofungwa, na mlinzi ambaye unamuona kwa macho, msalimie, muulize jina, mwambie unatoka saa ngapi asubuhi. Mlinzi uliyemsalimia vizuri jioni analiangalia gari lako tofauti kabisa.

Kitabu cha wageni utakijaza, jina, unatoka wapi unaenda wapi, wengine mpaka kabila, na watataka kitambulisho. Jaza, ni utaratibu, ila usikubali namba ya chumba chako itajwe kwa sauti mbele ya watu waliokaa kaunta. Ukisikia imetajwa omba chumba kingine, huhitaji kueleza sababu. Na uliza kama kuna hosteli ya kanisa mjini, miji mingi ya njia hiyo inazo, dini yako haijalishi, geti linafungwa mapema, hakuna pombe, bei ya kawaida, na asubuhi unapata chai. Mimi nikisafiri peke yangu naanza huko kabla sijaangalia kwingine.

Nyumbani mtumie mtu mmoja tu ujumbe kila ukisimama, jina la mji na saa. Siyo kuweka kwenye stetasi, hiyo inawaambia watu wote uko wapi na kwamba nyumbani kwako hakuna mtu.

Habari za kazi? Sisi ni wa Kitengela, tunampeleka baba Mombasa, ana miaka 78 na ana sukari, hawezi kukaa kwa gari masaa mengi. Watu wengine wananiambia tulale Mtito Andei kwa sababu ni katikati, wengine wanasema Voi. Halafu kuna mtu alisema Makindu mnaweza kulala bure kwa hekalu, hiyo ni kweli ama ni stori?
*Kifungua mimba, Kitengela*

Salama kabisa, na baba apewe salamu zangu.

Ya Makindu ni kweli. Lile hekalu la Masingasinga limekuwepo tangu 1926, enzi za reli, na mpaka leo wasafiri wa dini yoyote wanapewa chakula bila kulipishwa na kuna vyumba vya kulala. Utaratibu wao ni wa heshima tu, viatu mnavua, kichwa mnafunika, pombe, sigara na nyama haviingii, na mkitaka kuacha sadaka mnaacha. Kwa mzee mwenye sukari chakula chao ni kizuri, dengu na chapati na mboga, anakula kwa wakati, halafu kuna kivuli na utulivu wa kujinyoosha. Lakini Makindu iko kama kilomita 160 tu kutoka Nairobi, kwa hiyo kama mmetoka asubuhi ni ya chakula cha mchana zaidi kuliko kulala. Mkitoka mchana, kwa mfano baada ya kliniki ya baba, hapo laleni Makindu bila kuwaza mara mbili.

Mtito ni katikati kweli, na hiyo ndiyo sababu kila mtu anasimama pale, mabasi, matrela, kila kitu. Kusimama kwa chai sawa. Kulala na mzee hapana, kelele ni nyingi. Nendeni Voi. Kutoka Makindu mkishakula na kupumzika mnakuwa Voi mapema jioni, mji una hospitali, una maduka ya dawa, kuna hoteli nyingi za bei tofauti, na Mombasa inabaki kama kilomita 150 ambazo mzee anaziweza asubuhi kabla ya joto kupanda. Kipande cha Mtito hadi Voi mnapita katikati ya mbuga ya Tsavo, iko pande zote mbili, kipiteni mchana, usiku kuna wanyama na kuna matrela yanayoovateki vibaya, na hayo matrela mimi nayaogopa kuliko tembo.

Dawa za baba, kama anadunga insulini, msiweke kwenye buti, kule kunachemka. Weka kwenye kifuko cha kutunza ubaridi pale alipokaa.

Nina swali fupi. Kulala ndani ya gari kwenye sheli ni sawa au ni hatari?
*Fundi, Kahama*

Inategemea sheli. Yenye taa nyingi, mlinzi, na malori mengine yamelala, ni sawa kwa mwanaume au watu wawili, mimi nimeshalala. Jaza mafuta kwanza, omba ruhusa kwa msimamizi siyo kwa mpita njia, egesha upande wa taa ila siyo njiani kwa malori yanayorudi nyuma. Zima injini kabisa, usilale na AC inawaka, moshi unaua mtu kimyakimya akiwa amelala. Dirisha liwe wazi upana wa kidole. Na watoto wakiwepo tafuta chumba, hiyo siyo ya kubishana.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Mbeya, kila mwaka natoka Dar na wanangu na tunalala Iringa. Mwaka huu nina siku moja ya ziada na nisingependa tuimalize kwenye chumba cha gesti tukiangalia TV. Tufanye nini njia hiyo?
*Ticha, Mbeya*

Mwalimu, swali lako ndilo nimelifurahia kuliko yote, maana watu wanapita pale wamelala vinywa wazi na historia iko pembeni mwa lami.

Anza Lugalo, kabla hujafika Iringa ukitokea Dar. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liliwavizia Wajerumani hapo, kamanda wao Zelewski akauawa pamoja na wengi wa kikosi chake, na ushindi ule ulichelewesha ukoloni Uhehe kwa miaka. Simamisha gari, waambie wanao wasimame waangalie mandhari, vichaka, mabonde, waulize wewe ungekuwa Mhehe na mkuki ungejificha wapi. Wataelewa vita ile kuliko kwa kitabu chochote. Asubuhi yake nenda Kalenga, ni kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, kwenye makumbusho kuna fuvu la Mkwawa mwenyewe lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Wanao wakiwa wadogo sana waandae kabla, wakubwa watauliza maswali mpaka ukome, na hiyo ndiyo raha yake.

Ukimaliza, Isimila iko njiani kabisa ukielekea Mbeya, kama kilomita 20 kutoka Iringa, unakata kidogo tu. Ni korongo lenye zana za mawe za watu wa kale sana, shoka za mkono zimelala wazi, na upande mwingine kuna nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua, ndefu kuliko nyumba. Wahi uwezavyo, mchana jua linachoma na hakuna kivuli. Chukua mwongozo wa pale, ada yake ni halali, na maji ya kutosha.

Halafu kama siku bado inaruhusu usilale Iringa tena, sogea mpaka Makambako au Chimala. Chimala hasa, mji mdogo wa wakulima wa mpunga pembeni ya Usangu, wali wake ukiupata unanukia kabla haujafika mezani. Hapo juu yake kuna ile barabara ya kupanda Matamba yenye kona 57, mnapanda asubuhi mnafika uwanda wa Kitulo, hifadhi ya maua tangu 2005, na kati ya Desemba na Aprili maua yanakuwa mengi ndiyo maana wenyeji wanaiita bustani ya Mungu. Lakini ni msimu wa mvua huohuo, kona 57 na matope siyo za gari dogo. Acha gari lako gesti Chimala, uliza usafiri wa wenyeji wanaopanda Matamba, madereva wale wanazijua kona zote. Kama mvua imenyesha usiku kucha acheni, mtarudi mwaka ujao, Mbeya ni kwenu.